Mikwaruzo ya keni: Ndogo machoni, hasara kwenye maziwa

*Keni ya stenlesi iliyokwaruzika kidogo inaweza kurekebishwa nyumbani kwa msasa wa maji na uvumilivu. Ikikwaruzika sana, ina mahali pake pengine.*

Na Mwandishi Wetu, Njombe

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa katika vilima vya Njombe huamka alfajiri, baridi ikiwa bado kali, akamue, achuje na kuwahi kituo cha kukusanyia maziwa. Akifika pale, mpokeaji haoni banda lake wala majani aliyolisha. Anaona vitu viwili tu: maziwa, na chombo kilichoyabeba.

Maziwa yakikataliwa, lawama ya kwanza huenda kwa ng'ombe. Ya pili huenda kwa mpokeaji, kwamba ana chuki. Ni wachache wanaorudi nyumbani, wakaipeleka keni juani na kuchungulia ndani. Wangefanya hivyo, wengi wangeona mistari myembamba imezunguka chini na ubavuni, mingine imeshika rangi ya kahawia. Hiyo ni mikwaruzo, na ndani yake ndimo yanamobaki maziwa ya jana yanayoharibu ya leo.

Habari njema ni kwamba mikwaruzo midogo kwenye chombo cha stenlesi inaondoka. Haihitaji mashine wala safari ya mjini. Inahitaji karatasi mbili tatu za msasa wa maji, kitambaa safi, siki au limau, na uvumilivu wa nusu saa. Habari mbaya ni kwamba wengi wanaojaribu kuiondoa huiongeza, kwa sababu hutumia vifaa vilevile vilivyoileta.

Keni ni mali

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, unajulikana kwa viazi mviringo, chai, mbao na sasa parachichi. Lakini baridi yake inamfaa pia ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya 2000, kiwanda cha Njombe Milk Factory kilikua kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA, kikitegemea maziwa ya wafugaji wadogo wenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu. Iringa nako kuna kiwanda cha Asas. Kwa hiyo mfugaji wa huku amekwishazoea kwamba maziwa si ya kunywa nyumbani tu. Ni biashara yenye vipimo.

Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, imekuwa ikiwahimiza wafugaji na wafanyabiashara waachane na madumu ya plastiki na kutumia vyombo vya alumini au stenlesi. Sababu ni rahisi. Dumu lina shingo nyembamba, mkono hauingii, na plastiki hukwaruzika upesi. Keni ina mdomo mpana na ukuta mgumu.

Tatizo ni kwamba keni ya stenlesi ni ghali. Mfugaji akishainunua, huitegemea kwa miaka mingi, na wengine huirithi. Ndiyo maana utunzaji wake ni jambo la fedha kama lilivyo jambo la usafi.

Tuchukue mfano. Mfugaji anapeleka lita 8 kila asubuhi. Akikataliwa mara mbili tu kwa mwezi, amepoteza lita 16. Kwa mwaka ni lita 192. Zidisha kwa bei ya lita kijijini kwako, kisha linganisha na bei ya msasa wa maji dukani. Na hapo hatujahesabu hasara ya kikundi: maziwa mabaya ya mtu mmoja yakipita mlangoni na kumiminwa kwenye tangi la kupozea, yanaweza kuharibu ya wenzake wote.

Stenlesi ni nini hasa

Watu wengi huamini kwamba stenlesi haishiki kutu kwa sababu ni chuma kigumu kuliko vingine. Sivyo. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza, hujijenga upya yenyewe, mradi uso wa chuma uwe safi na hewa iufikie.

Asili ya chuma hiki ina kisa. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambayo haitaliwa haraka na joto la risasi. Moja ya michanganyiko yake, yenye kromiamu ya karibu asilimia 13, ilionekana kukataa kuliwa na asidi. Matumizi yake ya kwanza yaliyovuma hayakuwa ya bunduki, bali visu vya mezani. Wajerumani wa kampuni ya Krupp nao walikuwa wamekwishaongeza nikeli kwenye chuma cha namna hiyo mwaka 1912. Mchanganyiko wa jamii hiyo, wenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ndio unaotumika zaidi leo kwenye keni, masinki na matangi ya maziwa. Ukiona chombo kimeandikwa 18/8 au 304, ndio huo.

Kwa hiyo, iwe bastola, kisu cha bucha au keni ya maziwa, kanuni ya kuondoa mkwaruzo kwenye stenlesi ni ileile: hupaki rangi wala hufukii kitu. Unapunguza chuma kidogo sana pembeni mwa mkwaruzo mpaka uso ulingane, kisha unaiacha ngozi ya kromiamu irudi.

Kwa nini mkwaruzo ni hatari kwa maziwa

Bakteria mmoja ana urefu wa maikromita moja hivi, maana yake bakteria 1,000 wakipangwa mstari mmoja wanafika milimita moja. Kwa kiumbe wa ukubwa huo, mkwaruzo unaouona kwa macho ni korongo. Viwanda vya maziwa duniani hutaka uso wa chombo usiwe na mabonde yanayozidi wastani wa maikromita 0.8. Mchanga wa mtoni, ambao baadhi yetu tunausugulia vyombo, una chembe zenye ukubwa wa mamia ya maikromita.

Maziwa yakiingia kwenye mkwaruzo, brashi haiyafikii. Protini na mafuta hushika ukuta, chokaa ya maziwa hujijenga juu yake na kuwa gamba jeupe au la manjano, na bakteria hujificha chini ya gamba hilo. Ukimimina maziwa mapya yenye joto la ng'ombe, nyuzi 37 hivi, bakteria hao huamka. Katika joto la namna hiyo wengi wao wanaweza kuongezeka mara dufu ndani ya nusu saa au pungufu.

Baridi ya Njombe inasaidia, lakini isikudanganye. Inapunguza kasi tu, haisafishi mkwaruzo. Na maziwa yanayoteremka kwenda Makambako, ambako jua ni kali zaidi na keni husubiri gari kando ya barabara, hupoteza hata nafuu hiyo.

Kituoni, mpokeaji hutumia laktomita kuangalia kama maziwa yametiwa maji, na kipimo cha alkoholi kuangalia kama yameanza kuharibika. Huchanganya maziwa na alkoholi ya asilimia 68 hadi 70 kwa kiasi sawa. Yakikatika vipande, yanarudi nyumbani.

Kwanza hakikisha mkosaji ni keni

Si kila maziwa yanayokatika ni kosa la chombo. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, au aliyezaa siku chache zilizopita na bado anatoa dang'a, maziwa yake yanaweza kukatika hata yakiwa kwenye chombo kipya. Kabla ya kushika msasa, fanya jaribio hili.

Chukua mtungi wa kioo, uchemshe pamoja na kifuniko chake. Kamua, chuja, kisha mimina maziwa kidogo kwenye mtungi huo na mengine kwenye keni unayoitilia shaka. Viweke pamoja mahali pamoja kwa saa nne au tano. Baadaye chemsha kijiko cha maziwa ya mtungi na kijiko cha maziwa ya keni, kila kimoja peke yake. Ya keni yakiganda na ya mtungi yakabaki maji, keni ina hatia. Yote mawili yakiganda, angalia kiwele, mikono, ndoo ya kukamulia na chujio kabla ya kuilaumu keni.

Mikwaruzo inatoka wapi

Adui wa kwanza ni mchanga. Jivu lililochekechwa vizuri huondoa mafuta, lakini jivu la jikoni mara nyingi lina mchanga na vipande vya mkaa. Adui wa pili ni stiliwaya. Watu huipenda kwa sababu inang'arisha haraka, lakini ina makosa mawili: inakwaruza, na inaacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida vimenasa kwenye stenlesi. Vipande hivyo vikipata unyevu hushika kutu, na mwenye keni hulalamika kwamba ameuziwa stenlesi feki, kumbe kutu imetoka kwenye stiliwaya.

Wengine hukwangua malai kwa kisu, huburuta keni kwenye sakafu ya saruji, au hupanga keni moja ndani ya nyingine bila kuweka kitambaa katikati. Kwenye bodaboda, keni mbili zisizotenganishwa kwa gunia husagana njia nzima kutoka kijijini hadi mjini.

Mikwaruzo ya nje haidhuru maziwa. Usipoteze muda nayo, isipokuwa kama imeshika kutu. Shughulikia ya ndani, ya mdomoni na ya chini ya mfuniko, kwa sababu hapo ndipo maziwa yanapogusa.

Kipimo cha ukucha

Osha keni, ikaushe, ipeleke juani na uigeuze polepole ili mwanga upite ubavuni. Kila mkwaruzo unaouona, upitishe ukucha kwa kuukata njia panda. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo huo ni mdogo na unaondoka nyumbani. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni mkubwa. Ukiusugua mpaka uishe utakuwa umepunguza chuma kingi na kuacha bonde, na bonde nalo ni makazi ya uchafu.

Hakikisha pia kwamba chombo ni stenlesi kweli, wala si chuma kilichopakwa nikeli au kromiamu juu. Kilichopakwa, ukikisugua utaondoa koti lote na kutu itaanza siku ileile. Dalili yake ni kwamba pale palipokwaruzika pana rangi tofauti, au koti linabanduka kama ganda. Chombo cha alumini nacho ni chepesi zaidi, kina rangi ya kijivu iliyofifia, na kina masharti yake: magadi makali na maji ya jivu huila alumini.

Hatua kwa hatua

Vifaa vinavyohitajika ni msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na mafundi wa rangi za magari, namba 600, 800 na 1000, kipande kidogo cha mpira au ubao laini wa kuuzungushia, bekingi soda, sabuni ya maji, siki nyeupe au malimau, na vitambaa vyeupe vya pamba. Kumbuka kwamba kadiri namba ya msasa inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zake zinavyokuwa ndogo. Chembe za namba 600 zina maikromita 26 hivi, za namba 1000 zina 18 hivi. Msasa uliosugulia jembe au panga usiutumie kwenye keni.

Kwanza, ondoa gamba la maziwa. Pasha siki au maji ya limau, paka sehemu yenye gamba, acha dakika 15, sugua kwa brashi ya nailoni na uoshe. Mara nyingine kilichodhaniwa ni mkwaruzo ni gamba tu, na kazi huishia hapo.

Pili, tafuta mwelekeo wa chuma. Ukiangalia stenlesi kwa makini juani utaona mistari myembamba sana iliyoachwa na kiwanda, yote ikielekea upande mmoja. Kwenye keni nyingi huzunguka ubavu. Kazi yako yote ifuate mwelekeo huo. Ukisugua njia panda au kwa kuzungusha kiganja ovyo, unaongeza mikwaruzo mipya.

Tatu, anza na kilicho laini. Changanya bekingi soda na maji kidogo iwe uji mzito, paka kwa kitambaa chenye unyevu na usugue kwa kwenda na kurudi kufuata mwelekeo. Alama nyepesi hufifia kwa hatua hii peke yake. Zikififia, ishia hapo.

Nne, zisipoondoka, chukua msasa. Jaribu kwanza sehemu ya nje, chini ya keni, uone matokeo. Halafu loweka msasa wa namba 600 kwenye maji yenye sabuni kwa dakika chache, uzungushie kwenye mpira, na usugue kwa mkono mwepesi kufuata mwelekeo. Usikazanie mstari mmoja. Panua eneo vidole viwili kila upande ili usitengeneze bonde. Lowesha kila mara. Mkwaruzo ukiwa mwepesi sana, anza moja kwa moja na namba 800. Usianze kamwe na msasa wa mbao au wa namba 120. Alama zake zitakupa kazi kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe.

Tano, mkwaruzo ukishapotea, usisimame. Osha maji yote ya msasa, kisha pitisha namba 800 mpaka alama za 600 zipotee, osha tena, kisha namba 1000 mpaka alama za 800 zipotee. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona mkwaruzo umeondoka, wanaacha na namba 600, na eneo zima linabaki na mistari mingi midogo. Ukiishia kati, umebadilisha mkwaruzo mmoja kwa mamia.

Sita, osha kwa maji ya moto na sabuni mara mbili au tatu. Futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi, bado kuna unga wa chuma. Rudia mpaka kitoke cheupe.

Saba, paka siki au maji ya limau sehemu yote uliyosugua, acha dakika 15, suuza kwa maji mengi safi na ukaushe. Asidi hiyo nyepesi husaidia kuondoa chembe za chuma cha kawaida zilizobaki. Kisha acha keni wazi, kavu, mahali penye hewa kwa siku nzima kabla ya kuitia maziwa, ili ngozi ya kromiamu irudi vizuri.

Mwisho, jipime. Lowesha sehemu hiyo kwa maji safi na uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta vidoa vya kahawia, kuna chuma cha kawaida kimenasa. Rudia hatua ya siki. Vidoa vikirudi tena na tena, keni hiyo si ya maziwa mpaka fundi aione.

Mambo ya kuepuka

Dawa za kung'arishia rangi za magari zisitumike ndani ya chombo cha chakula. Nyingi zina mafuta na kemikali ambazo hazikutengenezwa kugusana na maziwa.

Jiki na dawa nyingine za klorini zina kazi ya kuua vijidudu, si ya kung'arisha wala kuloweka. Klorini kali, kama ilivyo chumvi, hutoboa ngozi ya stenlesi na kuacha vishimo kama vya sindano. Ukitumia jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 30 kwenye lita 10 za maji safi zinatoa sehemu 100 hivi za klorini kwa kila milioni, ambazo zinatosha kwa chombo kilichokwisha kuoshwa. Acha dakika chache tu na usuuze. Na usichanganye jiki na siki hata kidogo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Siku ya siki iwe ya siki.

Grenda nayo ni hatari. Fundi anayekata nondo na mageti kisha akaisugulia keni yako kwa jiwe lilelile, anabandika chuma cha kawaida kwenye stenlesi. Hata cheche za nondo zikirukia keni iliyo karibu zinaacha mbegu za kutu. Ukipeleka keni kwa fundi, mwombe atumie jiwe au brashi ambayo haijagusa chuma kingine.

Wakati wa kuacha

Kuna keni ambazo msasa hauzisaidii. Yenye ufa kwenye maungio ya mpini au shingo, yenye vishimo vilivyoshika kutu ndani, yenye tundu hata la sindano, au iliyobonyea mpaka ikafanya kona kali chini, isibebe maziwa. Ufa unaweza kuchomelewa, lakini kwa stenlesi inatakiwa kuchomelewa kwa gesi ya agoni na waya wa stenlesi, kisha maungio yasuguliwe mpaka yawe laini. Muulize fundi kama ana mtambo huo kabla hajawasha moto. Kiraka cha chuma cha kawaida ndani ya keni ya maziwa ni hasara uliyolipia.

Keni iliyostaafu si ya kutupwa. Itabeba maji ya ng'ombe au pumba. Iwekee alama ya rangi ili mtoto asije akaichukua kwa makosa kwenda kukamulia.

Kwa wanunuzi wa Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Bidhaa za kila namna hushuka hapo, zikiwamo sufuria, ndoo na keni zinazong'aa kama kioo. Mama lishe wa stendi, mwenye mgahawa na mfugaji wote hununua humo, na wote hupewa jaribio moja: sumaku. Isiponata, wanaambiwa, ni stenlesi halisi.

Jaribio hilo ni la nusu. Stenlesi ya 18/8 kwa kawaida haivutwi na sumaku, ingawa pale ilipokunjwa kiwandani inaweza kuvutwa kidogo. Lakini ipo stenlesi nyingine ya bei nafuu, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, ambayo nayo haivutwi, na hiyo hushika kutu mapema zaidi. Kwa hiyo angalia pia maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si karatasi iliyobandikwa. Pitisha kidole kwenye maungio ya ndani. Yawe laini, bila ukingo unaokwama. Hakikisha mkono wako unafika chini kabisa, na kwamba mpira wa mfuniko unatoka ili uoshwe.

Keni ya mtumba usiikatae kwa sababu haing'ai. Fanya kipimo cha ukucha hapohapo mbele ya muuzaji. Mikwaruzo isiyokwama ni sababu ya kupunguziwa bei, kwa kuwa utaiondoa nyumbani. Inayokwama ni sababu ya kuondoka.

Kinga ni kazi ya kila siku

Keni inayooshwa vizuri haihitaji kusuguliwa kwa nguvu. Mara tu baada ya kumimina maziwa, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Usianze na maji yanayochemka, kwa kuwa hupikia protini ukutani ikashika kama gundi. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, ukitumia brashi ya nailoni au kitambaa. Suuza kwa maji safi, mwagia maji yaliyochemka, na uiweke kichwa chini kwenye kichanja chenye hewa na jua. Mara moja kwa wiki pitisha siki kuondoa chokaa. Malai yaondolewe kwa mwiko wa mti, na safarini keni itenganishwe na mwenzake kwa gunia.

Keni safi haiondoi haja ya kuchemsha maziwa kabla ya kunywa, kwani magonjwa kama kifua kikuu na brusela hutoka kwa ng'ombe mwenyewe. Lakini inamwondolea mfugaji sababu moja kubwa ya kurudishwa mlangoni.

Kwa vikundi vya wafugaji, karatasi za msasa namba 600, 800 na 1000 zinaweza kununuliwa kwa pamoja na kuwekwa kituoni, pamoja na mtu mmoja aliyejifunza kazi hii vizuri. Keni zote zikipitishwa kipimo cha ukucha mara moja kila baada ya miezi mitatu, kikundi kitajua ipi ni ya kusugua, ipi ni ya fundi na ipi imefika mwisho wake, kabla maziwa ya siku nzima hayajamwagwa kwa ajili ya mstari mwembamba kuliko uzi.